KOMPYUTA KUUKUU TUIWEKEE MFUMO GANI?

Katika somo la kompyuta mwaka huu swali lililorudi kila wiki ni lile lile: ile mashine ya zamani iliyoko pembeni mwa chumba, ambayo ukiiwasha unaweza kwenda kunywa maji na ukarudi haijawa tayari, itupwe au itengenezwe? Tumeona ni vyema tulijibu hapa, kwani wengi wetu tuna mashine ya namna hiyo nyumbani au dukani kwa wazee, na kawaida yetu ni kumwita fundi aje "kupiga Windows" upya bila ya kujua tunaomba nini.

Kwanza tufahamu maana. Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimama baina ya vyuma vya kompyuta na programu nyinginezo. Huo ndio unaogawa kazi na nafasi. Tuifananishe ramu na meza ya mwanafunzi, na diski tuifanye kabati la vitabu. Meza ikiwa ndogo, kila ukitaka kitabu kipya huna budi urudishe kimoja kabatini. Kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo: ramu ikijaa, huhamishia kazi kwenye diski, na diski ya kuzunguka ni nzito mno ikilinganishwa na ramu. Ndipo unapoiona ile taa ndogo ikiwaka bila kuzima na wewe umeshika tama. Mfumo mwepesi ni ule unaochukua sehemu ndogo ya meza kabla hujaweka kitabu chako.

Kwa hiyo anza na mashine, usianze na jina la mfumo. Yaangalie mambo mawili: ramu ni kiasi gani, na prosesa ni ya biti ngapi. Kwenye Windows, shikilia kitufe cha Windows kisha bonyeza Pause, utaona kiasi cha ramu na jina la prosesa. Hapa wengi hukosea. Huona Windows iliyomo ni ya biti 32 wakadhani na prosesa ni hivyo hivyo. Core 2 Duo, iliyotoka mwaka 2006, ni ya biti 64 hata kama aliyeiuza aliitia Windows ya biti 32. Pentium 4 za mwanzo ndizo za biti 32 kweli.

Mtu atauliza, kwa nini tusibaki na Windows ile ile? Microsoft iliacha kuitengenezea XP mwaka 2014, Windows 7 mwaka 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mfumo ulioachwa huendelea kuwaka, lakini matundu yake hayazibwi tena, na sisi tunaobadilishana flashi kutwa tunavijua vile virusi vinavyogeuza mafolda yote kuwa shotkati. Windows 11 nayo inataka ramu ya gigabaiti 4 na chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo mashine nyingi za zamani hazina. Inayobaki ni Linux, nayo ni ya bure.

Ama kuhusu aina za Linux, zimejaa tele, lakini sisi tungependekeza chache tu. Mashine ya biti 64 yenye gigabaiti 2 itachukua Lubuntu. Ikifika gigabaiti 4, Linux Mint ya Xfce itapendeza zaidi na haitamtisha aliyezoea Windows. Yenye ramu ya chini ya hapo, au ya biti 32, iwekewe antiX. Sura yake ni kavu kidogo, lakini inakwenda. Na kama diski imekufa kabisa, ipo Puppy Linux, iliyoanzishwa na Barry Kauler mwaka 2003, ambayo hujipakia yote ndani ya ramu kutoka kwenye flashi.

Sasa tuseme la kwetu, maana lilituuma. Mara ya kwanza tulimwachia mashine fundi mmoja tuliyemwamini, akachagua kufuta diski yote. Ndani yake mlikuwa na matokeo ya mitihani ya miaka miwili na orodha ya ada. Yeye hakuuliza, na sisi hatukumwambia. Waalimu walirudi kwenye madaftari yao kuandika upya, na baadhi ya alama hazikupatikana mpaka leo. Tangu hapo tumejiwekea sharti: kila kilichomo kinakiliwa kwenye vitu viwili tofauti, na nakala zinafunguliwa zionekane ni nzima, ndipo mtu aguse diski.

Sharti la pili ni kujaribu kabla ya kuweka. Aina zote tulizozitaja zinaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani. Bonyeza F12, F9 au Esc wakati wa kuwasha (kila kampuni ina kitufe chake), chagua flashi, kisha jaribu sauti, waya wa mtandao na printa. Ukifungua terminali ukaandika lscpu, itakuonyesha kama prosesa inakubali 64-bit. Kwetu printa ndiyo iliyotusumbua zaidi.

Kwa kazi zetu LibreOffice inatosha. Anayeandika Kiarabu aruhusu maandishi ya kulia kwenda kushoto katika mipangilio ya lugha, aongeze kibodi ya Kiarabu, na atumie fonti ya Amiri, iliyochorwa kwa kufuata herufi za matbaa ya Bulaq ya Cairo. Irabu hukaa mahali pake vizuri.

Hata hivyo tusidanganyane. Mfumo mwepesi haufanyi kurasa za intaneti kuwa nyepesi. Kivinjari peke yake hula ramu kuliko mfumo wote, na kwa biti 32 mlango unafungwa: Google iliacha kutoa Chrome ya biti 32 kwa Linux mwaka 2016, na Mozilla ikaacha toleo la kawaida la Firefox mwaka 2025. Mashine hizo ziwe za kuchapa na kusikilizia darsa zilizorekodiwa. Ile ya biti 64, ukipata pesa kidogo, mnunulie diski ya SSD kabla ya kitu kingine. Tofauti yake utaiona siku ile ile.

Aidha, ukiona kila tovuti inakataa kufunguka ikidai usalama haupo, usiulaumu mfumo. Tazama saa kwanza. Betri ndogo ya CR2032 iliyoko ndani ikifa, kompyuta hurudi miaka mingi nyuma kila inapochomolewa umeme, na vyeti vya tovuti huonekana havijaanza kutumika. Ni ile ile betri bapa mfano wa sarafu wanayouza mafundi saa.