SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: LALAMIKO LILILOISHIA MAPOKEZI



Katika vitabu vyote ambavyo mkaguzi hufunguliwa anapofika katika chama cha msingi, kilicho kisafi kuliko vyote kwa kawaida ni daftari la malalamiko. Daftari la fedha lina alama za vidole, na daftari la ghala lina vumbi na kona zilizokunjika, lakini daftari la malalamiko hukutwa kama lilivyotoka dukani. Katibu hulionyesha kwa furaha na kusema, "Ndugu Mkaguzi, hapa kwetu hakuna malalamiko."

Kazi hii imenifundisha kutoifurahia upesi kauli hiyo. Miaka michache iliyopita nilikagua chama kimoja chenye gari la kubebea mazao. Dereva wake alikuwa amemwambia mtunza ghala kwamba pedeli ya breki inazama mpaka chini kabla ya kushika. Mtunza ghala alijibu, "Tumesikia." Hakuna aliyeandika neno. Siku mbili baadaye dereva mwingine alikabidhiwa gari lile lile pasipo kuambiwa lolote, likamshinda kwenye mteremko na kutumbukia mferejini, na mpakiaji mmoja akavunjika mkono. Nilipolifungua daftari la malalamiko la chama hicho, halikuwa na hata mstari mmoja.

Kwa sababu hiyo nimechagua somo la mara hii kutoka katika mkasa uliotokea Marekani mwaka 2009, ambao unafanana sana na huo, ila huko waliokufa ni watu wanne. Habari zake zilichunguzwa na serikali na kuandikwa, na kila Katibu anaweza kujifunza kutokana nazo.

1. WITO WA KURUDISHA MAGARI NI NINI

Kiwanda kinapogundua, au kinapoamriwa na serikali kukubali, kwamba magari ya aina fulani yana kasoro inayohatarisha maisha, hutoa wito kwa wenye magari hayo wayapeleke kwa wakala yatengenezwe bila malipo. Mwenye gari hanyang'anywi mali yake, wala hadaiwi fedha. Huandikiwa barua, hupewa siku, na kifaa kibovu hubadilishwa.

Nchini Marekani utaratibu huu unatokana na sheria ya usalama wa magari ya mwaka 1966. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Barabara Kuu, ijulikanayo kwa kifupi kama NHTSA. Kiwanda kikishatambua kasoro ya usalama, sheria inakitaka kiiarifu Mamlaka hiyo katika muda wa siku 5 za kazi.

Upande wa pili wa utaratibu huo ni mwenye gari mwenyewe. Mtu yeyote aliyepatwa na tatizo anaweza kupeleka lalamiko lake NHTSA, akitaja aina ya gari, mwaka lilioundwa, namba yake ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 17, siku ya tukio, mwendo aliokuwa nao, na mambo yalivyotokea. Lalamiko moja peke yake huenda lisieleze mengi. Lakini malalamiko ya namna moja yanapofika kutoka miji mbalimbali, kwa watu wasiojuana, wataalamu hupata sababu ya kufungua uchunguzi. Malalamiko yaliyoandikwa vizuri ndiyo mwanzo wa wito mwingi.

2. GARI LA KUAZIMA

Toyota Camry ni saluni ya ukubwa wa kati ambayo kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa magari yanayonunuliwa sana Marekani. Lexus ES 350 ni ndugu yake wa karibu, iliyoundwa na kampuni hiyo hiyo juu ya msingi ule ule, kwa wanunuzi wenye uwezo zaidi.

Mwezi Machi 2007, NHTSA ilianza kuchunguza malalamiko ya wenye ES 350 waliosema kwamba pedeli ya mafuta ilinaswa na kapeti zito la mpira linalotandikwa miguuni mwa dereva, na gari likaendelea kwenda mbio. Mwezi Septemba mwaka huo Toyota ilitoa wito wa kurudisha makapeti 55,000 ya magari ya Camry na ES 350. Kilichorudishwa kilikuwa kapeti tu. Pedeli yenyewe, ambayo ncha yake ya chini iliweza kunaswa na kapeti, iliachwa kama ilivyokuwa.

Tarehe 28 Agosti 2009, karibu na jiji la San Diego katika jimbo la California, ofisa mmoja wa polisi wa barabara kuu, ambaye siku hiyo hakuwa kazini, alikuwa akiendesha ES 350 aliyoazimwa na wakala wakati gari lake likitengenezwa. Humo alikuwa na mkewe, binti yao na shemeji yake. Gari lilishika mwendo wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa na halikukubali kusimama. Abiria mmoja alipiga simu ya dharura akaeleza kuwa pedeli ya mafuta imekwama na breki hazishiki. Gari likafika mwisho wa barabara, likaligonga gari jingine, likaporomoka na kuwaka moto. Wote wanne walikufa. Huyu alikuwa dereva mzoefu mwenye mafunzo ya kazi ya barabarani.

Uchunguzi ulionyesha kwamba katika gari hilo palikuwa pametandikwa kapeti lililokusudiwa aina nyingine ya gari, tena halikufungwa kwenye kulabu zake. Lakini jambo linalotuhusu sisi zaidi ni hili lifuatalo. Siku chache kabla ya ajali, mteja mwingine aliazimwa gari lile lile. Naye pedeli ilimkwamia. Alifanikiwa kulipunguza mwendo, akaitoa gia, akasimama, akachungulia chini na kuliona kapeti limeishika pedeli. Aliporudisha gari alimweleza mpokea wageni wa wakala yaliyompata.

Basi lalamiko lilitolewa, kwa wakati wake, na mtu aliyeiona sababu kwa macho yake. Hata hivyo gari halikuzuiwa, kapeti halikuondolewa, na mtu aliyefuata alikabidhiwa ufunguo bila kuonywa.

3. BAADA YA AJALI

Mwezi uliofuata, tarehe 29 Septemba 2009, Toyota iliwataka wenye magari takriban milioni 3.8 nchini Marekani, yakiwemo magari ya Camry ya miaka 2007 hadi 2010, waondoe mara moja kapeti la upande wa dereva. Baadaye ilitangazwa kuwa pedeli zitapunguzwa urefu au kubadilishwa, na kwamba katika aina kadhaa za magari, Camry na ES 350 zikiwamo, utawekwa mpango wa kuishinda nguvu ya injini dereva anapokanyaga breki. Hilo ndilo tengenezo ambalo halikufanywa mwaka 2007.

Haukupita muda ikajitokeza kasoro ya pili. Pedeli za mafuta za aina fulani zilikuwa na sehemu ya ndani iliyonata baada ya kuchakaa na kupata unyevu, zikawa nzito kukanyaga au zikachelewa kurudi juu. Tarehe 21 Januari 2010 Toyota ilitoa wito kwa magari kama milioni 2.3 ya Marekani, baadhi ya Camry zikiwamo, na siku 5 baadaye ikasimamisha kwa muda kuuza aina 8 za magari.

Lakini malalamiko ya pedeli zinazonata yalikuwa yamekwisha kufika kwake kutoka Ulaya, na mwishoni mwa Septemba 2009 mawakala wa Ulaya walikuwa wamepelekewa maelekezo ya kuzitengeneza. Serikali ya Marekani haikuarifiwa katika zile siku 5. Kwa kosa hilo kampuni ilitozwa faini ya dola milioni 16.4 mwaka 2010. Mwezi Machi 2014 ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 ili kesi ya jinai iahirishwe, na katika makubaliano hayo ilikiri kuwa iliwapotosha wateja kuhusu usalama wa magari yake.

Ndugu Makatibu mtaona kwamba kosa la kampuni kubwa na kosa la mpokea wageni mmoja ni la namna moja. Pote pawili habari ilikuwapo, ila haikupelekwa kwa yule aliyeihitaji.

4. LALAMIKO SI HUKUMU

Haki inatutaka tueleze na upande mwingine. Katika miezi ile watu wengi Marekani waliamini kuwa magari yale yalikimbia kwa sababu ya hitilafu za umeme katika mitambo yake. Serikali iliwaomba wahandisi wa NASA, shirika la safari za anga, kulichunguza jambo hilo. Baada ya miezi 10 matokeo yalitangazwa, mwezi Februari 2011: haikupatikana hitilafu ya umeme iwezayo kuleta mbio za hatari kama zile. Kasoro zilizothibitika zilikuwa mbili tulizozitaja, yaani kapeti na pedeli inayonata. Aidha, ilionekana kuwa katika matukio mengi dereva alikanyaga mafuta akidhani anakanyaga breki.

Hapa pana fundisho kwa pande zote. Mwanachama anayelalamika aeleze aliyoyaona, asiongeze aliyoyadhania. Naye kiongozi asilikatae lalamiko kwa kuwa maelezo ya mlalamikaji kuhusu chanzo si sahihi. Mtu anaweza kukosea sababu na bado hatari aliyoitaja ikawa ya kweli.

5. GARI LILILOVUKA BAHARI

Wengi wetu hutumia magari yaliyokwisha tumika nchi nyingine. Barua ya wito hupelekwa kwa mwenye gari aliyesajiliwa kule lilikokuwa. Gari likipakiwa melini, barua hailifuati. Kwa hiyo chama kinachonunua gari la namna hiyo kisisubiri kuandikiwa. Kichukue namba ya chasisi kutoka kwenye kadi ya gari, kihakikishe kuwa inalingana na iliyogongwa kwenye gari lenyewe, kisha kimwulize wakala wa aina hiyo ya gari, au kitazame katika tovuti ya kiwanda, kama gari hilo liliwahi kuitwa na kama lilitengenezwa.

Madereva nao wakumbushwe mambo haya. Miguuni mwa dereva patandikwe kapeti moja tu, lililo la gari hilo, lifungwe kwenye kulabu zake. Makapeti mawili yasipandanishwe kamwe. Pedeli ikikwama, kanyaga breki kwa nguvu na uishikilie. Usikanyage na kuachia mara kwa mara, maana nguvu inayosaidia breki huisha. Itoe gia, uweke N. Ingia pembeni mwa barabara, na gari likishasimama ndipo uzime injini. Usichomoe ufunguo gari likiwa katika mwendo, kwa kuwa usukani waweza kujifunga.

6. MAMBO YA KUTEKELEZA KATIKA CHAMA

(a) Kila lalamiko liandikwe siku ile ile, hata likitolewa kwa mdomo, hata likipokewa na mlinzi. Yaandikwe tarehe, jina la mlalamikaji, kitu kinacholalamikiwa pamoja na namba yake, na maneno aliyoyasema.

(b) Lalamiko likigusa usalama wa mtu, kitu hicho kizuiwe kwanza, uchunguzi ufuate. Ufunguo wa gari ukabidhiwe kwa Katibu, na usitolewe mpaka fundi atie saini.

(c) Katibu ayasome malalamiko yote katika kila kikao cha Bodi, na muhtasari uonyeshe hatua iliyochukuliwa.

(d) Kasoro ya kifaa kilichogawiwa vyama vingi, kama vile mizani au bomba la kunyunyizia dawa, iarifiwe Chama Kikuu kwa barua. Huenda chama jirani kina kifaa cha namna ile ile na hakijapatwa na dhara bado.

(e) Mlalamikaji ajibiwe. Asipojibiwa mara ya kwanza, mara ya pili atanyamaza, na daftari litabaki safi.

Naomba nitakapofika kwenu kwa ukaguzi msinionyeshe daftari jeupe kwa fahari. Nionyesheni lililoandikwa, lenye tarehe mbili katika kila mstari: ile ya kulalamika na ile ya kutengenezewa.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Mteja wa kwanza wa lile gari la kuazima alitimiza wajibu wake. Mpokea wageni alipaswa kufanya nini baada ya kumsikiliza?

2. Kwa nini wito wa mwaka 2007 haukutosha kuondoa hatari?

3. Katika chama chenu, dereva, mpakiaji au karani wa mizani akiona kasoro leo hii, ataipeleka kwa nani, na itaandikwa wapi?

4. Chukueni daftari lenu la malalamiko. Mstari wa mwisho uliandikwa lini? Je, tangu siku hiyo hakuna aliyelalamika, au hakuna aliyeandika?