SOMO LETU: SHABA YA BOUGAINVILLE ILIKWENDA WAPI?

Leo tunajifunza habari za Bougainville, kisiwa cha joto na mvua nyingi katika bahari ya Pasifiki, sehemu ya nchi ya Papua New Guinea. Katikati kuna milima, na pwani iko pande zote mbili. Yaliyotokea huko yanamhusu kila anayefanya kazi juu ya mali ya ardhi.

1. Ardhi ilichukuliwaje?
Shaba na dhahabu zilikuwa Panguna, juu milimani, lakini kampuni ilihitaji pia bandari pwani. Mwaka 1969 wanawake wa kijiji cha Rorovana waliwakabili wapima ardhi na kung'oa kigingi chao, maana huko ardhi hurithiwa kwa upande wa mama. Serikali ya Australia, iliyotawala wakati ule, ilileta polisi wenye virungu na mabomu ya machozi. Mwaka 1972 mgodi ulianza kazi.

2. Mali ilikwenda wapi, na uchafu wapi?
Mawe yalisagwa, shaba ikatengwa, ikapita katika bomba kuvuka milima hadi bandari ya Loloho, upande wa mashariki. Mpaka 1989 zilitoka tani milioni 3 za shaba na tani 306 za dhahabu. Mabaki, zaidi ya tani bilioni 1, yalimwagwa katika mito inayoshuka magharibi. Mto Jaba ukajaa mchanga, samaki wakatoweka, mashamba ya kando yakafunikwa.

3. Tupige hesabu
Mrabaha ni malipo ya mchimbaji kwa mali anayoitoa ardhini. Pale ulikuwa asilimia 1.25. Tufanye mfano kwa shilingi. Shaba ikiuzwa shilingi 10,000, mrabaha ni shilingi 125. Wenye ardhi walipewa asilimia 5 ya hizo 125, yaani shilingi 6 na senti 25. Zilizobaki zilikwenda serikalini. Serikali ilipata pia kodi na faida ya hisa zake. Wenye ardhi walilipwa fidia fulani, wakaona haitoshi.

4. Matokeo
Mwaka 1975 wachimbaji waligoma, wengi wakakamatwa. Mwishoni mwa 1988 wenye ardhi, wakiongozwa na Francis Ona, aliyekuwa mwajiriwa wa mgodi huo huo, walilipua nguzo za umeme kwa baruti. Mgodi ulifungwa Mei 1989. Vita vilivyofuata viliendelea karibu miaka 10 na kuua maelfu ya watu. Mwaka 2019 wananchi walipiga kura, na karibu 98 kwa kila 100 walitaka kujitawala.

Mgodi ulipofungwa, mfanyakazi alikosa kazi, na mwenye shamba hakurudishiwa mto wake. Kwa hiyo, ndugu, tusidai mshahara peke yake. Tuulize mkataba unasema nini, na tuulize pamoja na wanavijiji.

Maswali ya kujadiliana tawini:
(a) Mali tunayoitoa hapa inauzwa kwa bei gani, na nani anagawana?
(b) Maji machafu ya kazi yetu yanakwenda kwa nani?
(c) Mara ya mwisho tulikaa lini na wanavijiji jirani?