SOMO: JUMAPILI YA SINEMA

Ndugu msomaji, somo letu la leo linahusu sinema ya mtaani. Hatuzungumzii vibanda vya video wala picha za kwenye simu. Tunazungumzia lile jumba kubwa ambamo watu wa mtaa mzima waliingia, taa zikazimwa, wakatazama picha moja kwa pamoja. Katika miji yetu mengi ya majumba hayo yamefungwa. Wanaoyakumbuka vizuri ni wazee.

Tuchukue mfano wa sinema ya Majestic, mtaa wa Vuga, mjini Zanzibar.

Jumba lenyewe

Sinema ilijengwa mahali pale katika miaka ya 1920. Mwanzoni iliitwa Royal, baadaye ikaitwa Majestic. Jumba la kwanza liliungua moto. Katika miaka ya 1950 likajengwa jipya pale pale.

Siku kubwa ya sinema ilikuwa Jumapili. Baba, mama na watoto walivaa nguo zao nzuri wakaenda kutazama picha ya Kihindi. Ukichelewa, tiketi zimekwisha! Hapo unakutana na mlanguzi. Yeye kanunua tiketi nyingi mapema, sasa anaziuza kwa bei anayotaka mwenyewe.

Wanawake walikuwa na maonyesho yao peke yao, yaliyoitwa zanana. Wanaume hawakuingia. Basi mama ambaye desturi ilimkataza kukaa na wanaume wageni, naye alipata nafasi ya kutoka na shoga zake.

Picha haitembei

Filamu ya zamani ni utepe mrefu. Juu ya utepe huo kuna picha ndogo ndogo zilizosimama. Kila picha inatofautiana kidogo tu na ile iliyotangulia. Mashine hupitisha picha 24 kwa sekunde moja mbele ya taa kali, nazo huonekana juu ya pazia jeupe. Jicho letu haliwahi kuzitenganisha. Sisi tunasema mtu anatembea, kumbe ni picha nyingi zinazofuatana upesi.

Tufanye hesabu:
Sekunde 1: picha 24.
Dakika 1: 24 × 60 = picha 1,440.
Saa 1: 1,440 × 60 = picha 86,400.

Utepe wa picha nzima ni mrefu mno. Kwa hiyo uligawanywa katika magurudumu kadhaa. Pengine sinema mbili zilionyesha picha moja jioni moja. Gurudumu likimalizika huku, kijana wa baiskeli alilikimbiza kule. Akichelewa njiani, watu walipiga miluzi gizani.

Picha moja, methali mbili

Mwaka 1951 ilitoka picha ya Kihindi iitwayo Awaara, yaani mzururaji. Aliyeitengeneza ni Raj Kapoor, na yeye mwenyewe ndiye steringi. Watu wa pwani yetu waliipenda sana.

Hadithi yake ni hii. Hakimu mmoja anaamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Kwa imani hiyo anamfunga mtu asiye na hatia. Mtu yule anageuka jambazi kweli, na ili kulipa kisasi anamteka mke wa hakimu. Mke anaporudi, ana mimba. Hakimu anamtilia shaka na kumfukuza. Mtoto anazaliwa nje, anakulia katika umaskini, na jambazi yule yule anamfundisha wizi. Mwishowe kijana anashtakiwa kwa kutaka kumwua hakimu, ambaye ni baba yake mzazi!

Watazamaji wengi hawakujua Kihindi. Wengine hawakujua kusoma hata jina lao. Lakini walifuata kwa macho, na aliyeelewa alimweleza jirani yake. Wakitoka nje, ubishi unahamia barazani:

"Mtoto wa nyoka ni nyoka, usinidanganye."

"Sivyo, bwana. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hukuona alivyolelewa?"

"Na yule baba je? Kamfukuza mkewe bila kumsikiliza. Yeye hana kosa?"

Hapo ndipo tunaiona faida ya sinema ya mtaani. Mwenye kiti cha juu na mchukuzi wa kiti cha chini waliona hadithi ile ile, saa ile ile. Kesho yake walikuwa na jambo moja la kujadili. Hatusemi kila picha ilikuwa nzuri. Nyingine zilikuwa ngumi tupu, na kuna pesa ya sokoni iliyoishia kwa mlanguzi. Lakini watu walizoea kukaa pamoja na kupimana mawazo.

Kwa nini zilifungwa?

Mwaka 1973 televisheni ilianza Zanzibar. Miaka ya 1980 zikaenea kaseti za video. Mwaka 1994 televisheni ikaanza Tanzania Bara. Watu wakatazama picha nyumbani. Jumba kubwa linahitaji watu wengi kila wiki, la sivyo halilipi umeme, mashine wala wafanyakazi. Majestic nayo ikachakaa, hata paa lake likaporomoka.

Kazi yetu sisi

Ndugu msomaji, paa likianguka fundi anaweza kulijenga tena. Lakini mzee akifariki na kumbukumbu zake kichwani, hakuna fundi wa kuzirudisha.

Labda wewe unasema, "Kijijini kwetu hapakuwa na sinema." Sawa. Lakini je, halikupita gari la sinema? Halikufungwa shuka jeupe uwanjani, watu wakakaa chini usiku? Mwulize mzee mmoja. Mwulize ilikuwa mwaka gani, walionyeshwa nini, na watu walibishana nini walipokuwa wakirudi nyumbani. Kisha chukua daftari uandike. Tulijifunza kuandika ili tuandike na mambo kama haya, siyo barua na hesabu za pamba peke yake.

Maneno ya kujifunza

Mlanguzi: mtu anayenunua kitu kinachotakiwa sana na kukiuza kwa bei ya kuumiza.
Pazia: hapa ni kitambaa kikubwa cheupe kinachoonyeshewa picha.
Steringi: mchezaji mkuu katika picha.
Kisasi: ubaya unaofanywa kulipa ubaya.

Maswali ya kujadili

1. Picha ya saa 2 ina picha ndogo ngapi katika utepe wake?
2. "Mtoto wa nyoka ni nyoka." "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Ipi ni ya kweli? Toeni mifano, lakini msitaje jina la mtu.
3. Siku hizi kila mtu anatazama simu yake. Tumepata nini? Tumepoteza nini?
4. Kijijini kwenu watu wanakutana wapi kujadili mambo? Mahali hapo pakifungwa, mtafanyaje?