SOMO LA AFYA KAZINI: UFUNGUO WA BANDIA NDANI YA MWILI



Asidi ikikumwagikia, utajua papo hapo. Moshi ukizidi, utakohoa. Lakini zipo kemikali za plastiki ambazo huingia mwilini bila maumivu yo yote. Kazi yao ni kuudanganya mwili. Asiyejua hila hiyo hawezi kudai kinga yake. Basi tujifunze.

1. Homoni ni nini?

Mwilini mna tezi zinazotoa homoni. Homoni ni mjumbe: husafiri katika damu na kupeleka amri kwenye viungo. Estrojeni na testosteroni huongoza mambo ya uzazi. Homoni za tezi ya shingoni huongoza ukuaji wa ubongo wa mtoto aliye tumboni. Kiasi kidogo mno hutosha kutoa amri.

2. Kufuli na ufunguo

Je, amri hupokelewaje? Ndani ya seli mna protini ziitwazo vipokezi. Binadamu ana aina 48 za vipokezi vya kiini, yaani vile ambavyo kazi yao ni katika kiini cha seli. Kipokezi ni kama kufuli, na homoni ni ufunguo wake. Homoni ikiingia tunduni, kipokezi hubadilika umbo, hushika DNA mahali maalum, na kuita protini nyingine zije kusaidia. Hapo seli hutii amri: kua, gawanyika, au tengeneza kitu fulani.

Lakini kufuli haliulizi ufunguo umetoka wapi. Kitu cho chote chenye umbo la kufaa huweza kuingia.

3. Hila hii ilijulikana lini?

Bisfenoli A hutumika kutengeneza plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, na pia epoksi. Mwaka 1936, mjini London, Charles Dodds na mwenzake walionyesha kwamba kemikali hiyo hufanya kazi ya estrojeni katika panya. Wao walikuwa wakitafuta dawa. Mwaka 1938 Dodds alipata nyingine yenye nguvu zaidi, DES. Wanawake wajawazito wa Marekani walipewa DES mpaka 1971, ilipobainika kwamba baadhi ya mabinti wao walipata saratani ya uke. Bisfenoli A haikuwa dawa. Ikawa malighafi ya viwanda.

Mwaka 1991, Ana Soto na Carlos Sonnenschein wa Boston walieleza jambo lililowashangaza: seli za saratani ya matiti ziliongezeka bila kupewa estrojeni. Sababu ilikuwa nonilifenoli, iliyotoka katika vibomba vya plastiki vya maabara.

4. Njia tatu za udanganyifu

(a) Kufungua bila ruhusa. Bisfenoli A hukifungua kipokezi cha estrojeni, ingawa ni dhaifu kuliko homoni yenyewe kwa maelfu ya mara.

(b) Kuziba tundu. Ufunguo huingia lakini haufungui, na mwenye nyumba hubaki nje. DDE, inayotokana na dawa ya wadudu ya DDT, hukizuia hivyo kipokezi cha testosteroni. Jambo hili lilionyeshwa mwaka 1995, nalo lawahusu wenzetu wa mashambani.

(c) Kupunguza homoni yenyewe. Baadhi ya thaleti, zinazolainisha plastiki ya PVC, hupunguza utengenezaji wa testosteroni. Tena, zikisagwa mwilini, hushika vipokezi vinavyosimamia mafuta.

5. Kama ni dhaifu, hofu ya nini?

Ufunguo dhaifu ukijaribiwa mara nyingi, mlango hufunguka. Uchunguzi wa mwaka 2013 na 2014 katika makampuni 6 ya Marekani ulikuta bisfenoli A katika mkojo wa wafanyakazi ikiwa wastani wa mara 70 kuliko ya watu wazima wengine. Utafiti uliotolewa mwaka 2009 juu ya viwanda vya China ulionyesha kwamba wanaume walioishika kazini walipatwa na upungufu wa nguvu za kiume mara nne zaidi ya wenzao. Na mwaka 2023 wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya walishusha kiwango kinachovumilika kwa mara 20,000.

6. Tufanye nini?

– Tudai majina ya kemikali na karatasi za maelezo ya usalama, katika lugha tunayoielewa. Mkataba Namba 170 wa ILO wa mwaka 1990 unatambua haki hiyo.
– Mahali plastiki inapoyeyushwa au kusagwa, pawe na mashine ya kuvuta mvuke na vumbi.
– Tusile penye mashine. Tunawe kabla ya kula. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto.
– Mjamzito ahamishiwe kazi nyingine bila kupunguziwa mshahara.
– Madumu ya dawa za shamba yasichotewe maji kamwe.
– Tusidanganywe na maneno "haina bisfenoli A". Bisfenoli S, inayowekwa badala yake, nayo huingia katika kufuli lile lile.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni kemikali gani zinazotumika katika idara yako? Nani anayejua majina yake?
2. Kwa nini ugonjwa wa namna hii ni vigumu kumthibitishia mwajiri?
3. Tawi lenu litadai nini kwanza?