Kidonda cha kinywa kisichopona: usingoje maumivu



Watu wengi wanafikiri kwamba kitu kisichouma si ugonjwa. Kwa kansere ya kinywa, fikira hiyo ni ya hatari. Mwanzoni mara nyingi haiumi. Mtu anakula, anakwenda kazini, na kidonda kinaendelea polepole. Maumivu yanapoanza, pengine ugonjwa umekwisha kufika shingoni.

Ni nani ajihadhari zaidi? Ni yule anayevuta ao kutafuna tumbako, na yule anayekunywa pombe nyingi. Anayefanya yote mawili, hatari yake inazidi sana. Lakini hata asiyevuta anaweza kuugua.

Jitazame kila mwezi, namna hii:

1. Nawa mikono. Kama una meno ya bandia, yatoe. Simama mbele ya kioo, penye mwangaza.
2. Geuza midomo, vuta mashavu, tazama ufizi.
3. Shika ulimi kwa kitambaa safi, uvute kuume na kushoto. Tazama pembeni yake na chini yake: hapo kansere inaanzia mara nyingi.
4. Panua kinywa, tazama juu na nyuma.
5. Papasa shingo pande zote mbili.

Tafuta kidonda, uvimbe, alama nyeupe isiyofutika, ao alama nyekundu. Ile nyekundu ni ya kuogopwa zaidi. Jino likilegea bila sababu, ao kumeza kukiwa shida, usinyamaze.

Kidonda cha kujiuma ao cha chai ya moto kwa kawaida kinapona mbele ya siku 14. Kikipita siku hizo, nenda dispanseri, hata kama hakiumi. Usikikwangue, wala usikifiche kwa dawa za sokoni.

Munganga atatazama na kupapasa. Akiwa na shaka, atapiga sindano ya ganzi na kukata kipande kidogo, kitazamwe kwa mikroskopi. Kwa macho tu hakuna awezaye kuhakikisha. Wengine wanasema kukata huko kunaeneza ugonjwa. Msiwasikilize: ni kuchelewa kunakoueneza.

Kansere iliyogunduliwa ingali ndogo mara nyingi inapona kwa upasuaji mdogo. Iliyochelewa inaweza kudai sehemu ya ulimi ao taya, na pengine uhai.

Chini ya ardhi, ukiona ufa katika mwamba, hungoji uanguke. Unamwarifu kapita palepale. Ufanye vivyo hivyo kwa kinywa chako.