Nanga iliyonasa Jibondo, na uzi wa katani

Wauza nanga wa mjini wana maneno matamu. Yule aliyetuuzia yetu, katika duka la vifaa vya boti jijini Dar es Salaam ambalo silitaji, alimwambia mume wangu: "Mzee, hiki chuma cha pua, hakijui kutu. Hii utamrithisha mjukuu." Kutu ilianza kabla hatujafika Mafia. Lakini kutu si kitu. Kisa chenyewe ni cha kisiwa cha Jibondo, na ndicho jibu langu kwa wote wanaoniuliza sisi wawili, tunaoishi kwenye mashua, tunatiaje nanga penye matumbawe.

Nitaeleza kwa hatua. Majaketi, taa, redio na dawa nayaruka. Anayetoka pwani bila hivyo hana haja ya kunisoma. Chakula ni mchele, unga, dagaa, nazi na ndimu, basi. Kwenye maji tu ndipo nitakapotia neno: ukielekea Jibondo, jaza madumu yako kisiwa kikuu cha Mafia, kwa sababu Jibondo hakuna visima vya maji matamu vya kutegemea. Wenyewe kwa miaka mingi waliyavusha kwa mashua. Mgeni anayeshuka pale na ndoo tupu hana haya.

Hatua ya kwanza: jua maji ya siku hiyo. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua. Huku kwetu maji hujaa karibu na saa kumi, hupwa karibu na saa nne, na tofauti yake huweza kukaribia mita 4. Ukitia nanga saa kumi jioni penye kina cha mita 4, saa nne usiku umelalia mwamba. Hatua ya pili: tafuta mchanga. Jua likiwa utosini, mchanga huonekana mweupe na matumbawe ni mabaka ya kahawia. Tena Jibondo iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995, ya kwanza Tanzania. Nanga moja ikikokotwa huvunja kwa dakika kilichoota miaka na miaka.

Hatua ya tatu ina hadithi yake.

Tulifika alasiri, jua likitupiga usoni, mchanga hauonekani. Kusi ilikuwa ikivuma, na mkondo wa mlango wa Kinasi ulikuwa umetuchosha: tanga limejaa upepo, na bado chombo kinarudi kinyumenyume. Tukatia nanga, ikashika papo hapo. Mume wangu akafurahi. Mimi nanga inayoshika upesi hivyo siiamini. Mchangani hukokota kidogo kwanza, ndipo inauma.

Asubuhi tukavuta. Wapi! Maji yalipokupwa tukaifupisha amari na kuikaza, ili yakijaa yainyanyue yenyewe, ujanja ambao kila baharia anaujua. Maji yakapanda, omo ikainama, ikazidi kuinama, mpaka jiko langu la mkaa likaserereka na sufuria ya uji juu yake. "Legeza, baba, legeza!" Akalegeza, huku akisema tungengoja kidogo tu ingetoka. Mpaka leo hatujamaliza ubishi huo. Akapiga mbizi, mkondo ukamchukua, akapanda, akarudi tena.

Ndipo akaja mzee mmoja kwa mtumbwi na kijana wake. Alikuwa fundi wa kuunda vyombo, kazi ambayo watu wa Jibondo wamesifika nayo. "Shikamoo babu." "Marahaba wanangu." Akaitazama amari ilivyokaa. "Mnaivuta mbele. Kwani iliingia kwa mbele?" Akangoja maji yasimame, akamzamisha kijana na kamba ya pili, akaifunge kitakoni mwa nanga, pale makucha yanapokutana. Tukavuta kwa kamba ile, kutoka upande wa nyuma, nanga ikatoka kama jino la mtoto. Mpini wake umepinda.

Baadaye tuliirudisha dukani. Muuzaji akaigeuzageuza, akauliza risiti, kisha akauliza tuliitia wapi. "Baharini," akajibu mume wangu. Dhamana, tukaambiwa, haihusu miamba.

Yule mzee wa Jibondo, nanga yake aliitengeneza kwa nondo nne zilizochomelewa pamoja, ncha zimekunjwa. Ikinasa unavuta kwa nguvu, nondo inakunjuka, nanga inatoka. Jioni unaikunja tena kwa nyundo. Kwa bei ya yetu angewatengenezea wavuvi wa ufuo mzima.

Sasa hatua ya tatu yenyewe, somo alilotupa. Amari usiifunge kwenye pete ya nanga kama wafanyavyo wengi. Ifunge kitakoni, ilaze sambamba na mpini hadi kwenye pete, na hapo penye pete ibane kwa uzi. Uzi tu. Nanga ikiwa chini inavutwa kupitia pete, kwa hiyo inauma vizuri. Ikinasa, sogea mpaka uwe juu yake, kaza amari wima, vuta. Uzi unakatika, na mara hiyo unaivuta kwa kitako, inarudi njia iliyoingilia.

Kazi yote iko kwenye uzi. Nailoni ya kushonea nyavu haikatiki, utakatika wewe. Pamba hukatika chombo kikiyumba tu. Mzee alitumia katani, na mimi mtu wa Tanga, niliyekulia kando ya mashamba ya mkonge, nimekwenda kufundishwa katani Jibondo! Zungusha mara mbili, kaza, funga fundo. Jaribu ufukweni kwanza: nanga iegemee mnazi, watu wawili wavute kwa mikono, uzi usikatike. Ukatike pale tu amari imekazwa wima na wimbi linainyanyua omo. Badilisha uzi kila ung'oapo nanga hata kama ni mzima, maana maji ya chumvi huula polepole.

Wenye boti za kifahari hufunga kamba ya pili kitakoni na kuitia boya. Si vibaya, ila kamba hiyo huingia kwenye pangaboi za watu. Madumu yangu ya mafuta ya kula ya lita 5 nayafunga kwenye amari yenyewe, ielee juu ya matumbawe isisagike. Chagua yenye kifuniko cha kuzungusha. Ya kubana huvuja.

Usiku wa kusi kali, ufuo ukiwa nyuma yako, uzi usiutumie kabisa. Upepo ukigeuka ukakatika, hutajua mpaka usikie mwamba. Funga kwenye pete, na kama chini ni matumbawe, hama, hata kama wali uko jikoni. Kisiwani Songosongo nilimhamisha mume wangu magharibi inaingia. Akanuna, akala, akalala, zamu yote ya kuchunga nanga akaniachia mimi.