Donge Jepesi la Piza

Swali: Piza nipikayo hutoka ngumu na nzito, hata nikizidisha hamira. Nifanyeje?

Jibu: Hamira ipunguzwe, ipewe muda. Usiku wa kuamkia siku ya upishi, changanya gramu 150 za unga wa ngano ulio imara na maji ya uzani uo huo, utie chembe tu za hamira, ukaufunike uji huo, uitwao pulishi na waokaji wa Ulaya, hata uukute umejaa mapovu na kunukia uchachu latifu. Illa katika joto la pwani sharti uuchunge, maana huwahi kuiva kabla ya alfajiri, na ukishabonyea katikati nguvu zake zimekwisha.

Kisha ongeza unga gramu 350, maji 200 na chumvi 12, ndipo maji yawe asilimia 70 ya unga wote. Donge litanata, nawe, tafadhali sana, usilitilie unga, kwani maji hayo hayo, yageukapo mvuke, ndiyo yaufutuayo ukingo. Bali lowesha mikono, ulivute na kulikunja mara tatu au nne, ukilipumzisha nusu saa kila mara, hata lishikamane. Likishaumuka, oka kwa moto mkali kabisa, juu ya bamba la chuma lililokwisha kupata joto.